Maji ya Katosi yamefika Kampala, mbona bomba la kilimani linatoa hewa?

#1 Mkaazi wa Kyaliwajjala
Hamjambo wanajukwaa. Ninaishi Kyaliwajjala, upande wa mteremko unaopanda kuelekea Namugongo, na huu ni mwaka wa tisa. Mchana ukifungua bomba letu, linakoroma kama mtu mwenye kifua, linatema matone matatu yenye rangi ya chai, kisha linanyamaza. Maji huja usiku wa manane. Mke wangu huweka kengele ya simu saa tisa usiku, anaamka na kujaza jerikeni kumi na mbili, anazipanga kando ya ukuta wa jikoni, na watoto wanapoamka kwenda shule wanakuta mama yao amekwisha kufanya kazi ya nusu siku.

Swali langu ni hili. Tuna mitambo mitatu ya kusafisha maji Ggaba, kando ya ziwa Victoria: wa kwanza wa tangu enzi za Waingereza, wa pili wa mwaka 1992 na wa tatu wa mwaka 2007. Juu ya hiyo umejengwa mtambo wa Katosi, wilaya ya Mukono, wenye uwezo wa kusafisha lita milioni 160 kwa siku, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, Ufaransa, Ujerumani na serikali yetu. Mitambo ipo, na nimeiona kwa macho yangu. Sasa maji haya yanaishia wapi kabla ya kufika kwangu?

#2 Fundi Bomba Nansana
Karibu, ndugu. Kazi ya mabomba nimeifanya kwa miaka ishirini, kwa hiyo nitakujibu kwa kile ninachokiona mashimoni. Bomba lililopita mbele ya nyumba yako huenda liliwekwa wakati mtaa una nyumba kumi na tano zenye migomba katikati. Leo pale pana apatimenti za ghorofa nne, na kila moja ina matangi meusi juu ya paa, na bomba bado ni lile lile la inchi mbili. Maji yakija, wa chini wanajaza kwanza, na wewe wa juu unapata pumzi yao.

Mwezi uliopita nilikata kipande cha bomba la chuma katika mtaa mmoja wa Wakiso, mteja akilalamika kama wewe. Nilipochungulia ndani, kutu ilikuwa imejenga ukuta hadi ikabaki tundu ambalo kidole changu cha shahada kilipita kwa taabu. Mtu anaweza kujenga Katosi nyingine tatu na tundu hilo likabaki vile vile.

#3 Dada wa Bwaise
Nimesoma kwa uchungu, kwa sababu nyinyi wa vilimani mnayatafuta maji na sisi wa mabondeni tunayakimbia. Kwangu Bwaise mlangoni nimejenga kizingiti cha matofali kinachonifika magotini, na mvua kubwa ikinyesha maji hukipita. Ndani ya chumba vitu vyote vya thamani viko juu: godoro liko juu ya meza, unga uko darini, na vyeti vya watoto viko ndani ya mfuko wa plastiki uliotundikwa kwenye msumari.

Tuliambiwa mradi wa KIIDP, ule wa barabara na mifereji ya jiji, utamaliza mafuriko, na fedha nyingi zilitoka Benki ya Dunia. Lakini naona zilipelekwa kujenga ule mtambo mkubwa wa majitaka pale Bugolobi, huku mfereji wetu ukifanyiwa kipande kipande. Mnaofahamu mnieleze.

#4 Mhandisi Mstaafu
Dada wa Bwaise, pole sana kwa unayopitia. Niruhusu nisahihishe jambo moja kwa heshima, kwa sababu tukichanganya miradi hatutajua nani wa kuulizwa.

KIIDP ni ya mamlaka ya jiji, yaani KCCA, nayo ilihusu barabara, makutano yenye taa, mifereji ya mvua na kuimarisha utendaji wa mamlaka yenyewe. Awamu ya kwanza ilipanua sehemu ya mfereji wa Lubigi. Awamu ya pili ilipata mkopo wa dola milioni 175 kutoka Benki ya Dunia, na mifereji ya Lubigi na Nakamiro ilikuwamo. Mtambo wa Bugolobi ni kazi nyingine kabisa. Ule uko chini ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, na fedha zake zilitoka Ujerumani kupitia benki yake ya maendeleo, KfW, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Umoja wa Ulaya na serikali. Uwezo wake ni mita za ujazo 45,000 kwa siku, na gesi inayotokana na tope lake huzalisha umeme. Hakuna shilingi ya mfereji wako iliyokwenda kule.

Kuhusu swali la kwanza, nakubaliana na Fundi nusu tu. Unene wa bomba ni jambo zito: bomba likipungua upana kwa nusu, maji yanayoweza kupita hayapungui kwa nusu, yanashuka hadi chini ya sehemu moja kati ya tano. Lakini kuna mwinuko pia. Kila mita kumi za kupanda zinakula msukumo wa takriban bari moja. Kampala ni mji wa vilima, na ziwa liko chini ya sote, kwa hiyo kila tone tunalokunywa limesukumwa na umeme. Umeme ukikatika kwenye pampu kwa saa mbili, mabomba ya vilimani hukauka kwanza, na unaporudi hujaa mwisho, kwa sababu mabonde yote yanajazwa kabla yao. Mimi ningeanza kuchunguza pampu na matangi ya kilimani kabla ya kulaumu bomba la mtaani.

#5 Mzee wa Bombo
Salamu zenu vijana wangu. Mnazungumzia mitambo kana kwamba historia ilianza juzi. Shirika hili la maji liliundwa kwa amri ya serikali ya mwaka 1972, wakati wa Amin, likianza na Kampala, Entebbe na Jinja peke yake. Miji mingine ilikuwa na pampu zake na mabomba yake chini ya idara ya serikali. Leo shirika linahudumia miji zaidi ya mia mbili, mikubwa na midogo, na mingine ni vituo vya biashara ambavyo mnaopita kwa basi hamvioni.

Mimi nakumbuka miaka ya themanini, bomba lilikuwa pambo la ukutani, na nyumba za serikali zilikuwa na bafu zuri lililojaa kuni. Mwaka 1998 alipoingia William Muhairwe kuwa mkurugenzi, watu wengi walikuwa hawalipi, bili zilikuwa za kubahatisha, na zaidi ya nusu ya maji yaliyosafishwa hayakuleta hata senti. Wakaanzisha mpango wa siku mia moja, wakafuata mita moja baada ya nyingine, na mambo yakabadilika. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba tatizo la Kyaliwajjala ni matokeo ya kufanikiwa. Shirika lilipanuka upesi kuliko mabomba yake. Kila mji mdogo ulipoongezwa, kulikuwa na bomba la zamani mjini lililongoja kubadilishwa.

#6 Dereva wa Tangi
Nimekaa kimya nikisoma, lakini naona wote mmejaa kwenye maji safi na hamuulizi yanakwenda wapi baada ya kutumika. Mimi naendesha gari la kunyonya vyoo. Katika Kampala, waliounganishwa na bomba la majitaka ni chini ya asilimia kumi ya wakaazi. Wengine wote wana tangi chini ya ardhi au shimo, na shimo likijaa ndipo napigiwa simu.

Zamani tulikuwa na mahali pamoja pa kumwaga, Bugolobi, na kutoka Nansana hadi pale ungekaa kwenye msongamano hadi tope lianze kutoa povu. Mwaka 2014 ulifunguliwa mtambo wa Lubigi, pale Namungoona kwenye barabara ya Hoima. Una mabwawa yanayopokea majitaka ya bomba na pia tope la magari yetu. Asubuhi tunapanga foleni, tunaunganisha mpira, tope linapita kwenye chujio la vyuma, na pale kwenye chujio ndipo ungeelewa maisha ya jiji: nguo, chupa, nepi, waya, kiatu cha mtoto, na wakati mwingine sufuria nzima. Takataka hizo ndizo zinazoua pampu ya gari langu, na ndizo zinazofanya bei yangu isishuke.

Katika Bwaise na Kisenyi mara nyingi gari halifiki hata kwenye choo, kwa sababu vichochoro ni vya mtu mmoja kupita akiwa upande. Kule kuna vijana wanaonyonya kwa pampu ya mkono, wanajaza mapipa, wanayasukuma hadi barabarani. Ni kazi ngumu na ya heshima. Lakini mwenye nyumba asiyetaka kulipa hungoja mvua kubwa ya usiku, akatoboa tundu kando ya choo, na mfereji ukabeba. Mafuriko ya Dada wa Bwaise si maji ya mvua matupu.

#7 Mkaazi wa Kyaliwajjala
Asanteni nyote. Dereva, nimekusoma hadi nikaacha chai yangu. Hata hivyo nauliza kwa nia njema: mambo ya vyoo vya Kisenyi yanahusianaje na bomba langu kavu?

#8 Mwalimu wa Nakawa
Yanahusiana, ndugu, tena kwa karibu. Mfereji wa Nakivubo unapita katikati ya jiji, unapokea mvua, maji ya masoko, mafuta ya gereji na tope la wale wanaotoboa vyoo usiku. Unaingia kwenye kinamasi cha Nakivubo, halafu kwenye ghuba ya ndani ya Murchison. Kilomita chache kutoka mahali hapo, kwenye ghuba hiyo hiyo, ndipo mabomba ya Ggaba yanapovuta maji ya kutupa sisi tunywe.

Kwa miaka mingi kinamasi ndicho kilikuwa mtambo wetu wa bure. Mafunjo yalipunguza mwendo wa maji, yakashika tope na kunyonya mbolea. Kisha watu wakakata mafunjo wakapanda magimbi na miwa, wengine wakamwaga kifusi wakajenga. Huwa nawapeleka wanafunzi wangu pale. Ukisimama ukingoni unaona maji ya kijivu yamechimba njia yake kati ya magimbi, yanapita moja kwa moja bila kugusa mzizi wowote wa funjo. Matokeo yake ni maji ya kijani ziwani, vichujio vya Ggaba kuziba, na dawa na gharama kuongezeka. Ndiyo maana Katosi ulijengwa mbali na jiji, mahali ambapo maji ya ziwa ni safi zaidi, na ndiyo maana yanahitaji bomba refu na umeme mwingi kukufikia. Jiji lililochafua kisima chake limelazimika kuchota kwa jirani. Kwa hiyo kwa maoni yangu tundu la choo cha Kisenyi na kengele ya saa tisa usiku ya mke wako ziko kwenye mfereji mmoja.

#9 Dada wa Bwaise
Mwalimu, umeeleza vizuri, ila ninaomba Bwaise isitajwe pamoja na Nakivubo katika mzigo huo. Maji yetu hayaendi ziwani.

#10 Mwalimu wa Nakawa
Ni kweli, dada, na ninapaswa kulisema wazi. Kampala imekaa juu ya mgongo wa maji. Upande wa kusini unatiririka kwenda ziwa Victoria, lakini Bwaise, Kalerwe na Namungoona hutiririka Lubigi, kisha mto Mayanja, kisha Kafu, hadi kuelekea Kyoga. Hivyo Ggaba haina la kuwadai. Wanaoishi kando ya Mayanja ndio wenye haki ya kuwauliza.

#11 Afande Mstaafu, Gulu
Naomba nafasi nitoke Kampala, kwa maana Uganda si Kampala tu. Hapa Gulu kwa miaka mingi tulitegemea bwawa la Oyitino. Kiangazi kikikaza, bwawa linabaki tope, na nimeona foleni ya jerikeni ikianza saa kumi alfajiri kwenye visima vya pampu ya mkono. Ndipo ukaja mpango wa kuvuta maji kutoka mto Naili pale Karuma hadi hapa. Mbarara nao mto Rwizi umewaishia nguvu, wakaelekezwa Kagera. Naona ugonjwa ni mmoja: miji ilijengwa kando ya vijito, vijito vimechoka, na sasa kila mji unatafuta mto mkubwa.

Mradi wa USMID, ule wa miundombinu ya miji, uliotuletea maji na barabara ulisaidia, lakini umekwisha, na sisi tumebaki na cheo cha jiji tangu Julai 2020.

#12 Mhandisi Mstaafu
Afande, heshima zako. USMID haikuleta maji. Ilianza mwaka 2013 kwa manispaa 14, Gulu ikiwamo pamoja na Arua, Lira, Soroti, Mbale, Jinja, Masaka, Mbarara na nyingine, kwa dola milioni 150 za Benki ya Dunia, na nyongeza yake ikafikia manispaa 22. Ilijenga barabara za mijini na mifereji yake, taa za barabarani na vituo vya mabasi. Maji ya Karuma yapo kwenye programu ya Wizara ya Maji na Mazingira, yenye fedha za Ujerumani pia.

#13 Afande Mstaafu, Gulu
Nimesahihishwa, asante. Lakini wewe mwenyewe umeonyesha ninachokusudia. Barabara ni ya mradi mmoja, bomba ni la mradi mwingine, na zote mbili zinapita ardhi ile ile. Katika mji mmoja wa kaskazini, nisioutaja, niliona lami mpya yenye mistari myeupe ikikatwa na sururu miezi michache baada ya kuzinduliwa, kwa sababu aliyejenga barabara hakuacha njia ya bomba. Walipofukia, walifukia kwa udongo mwekundu. Jeshini tungeuliza: nani alikuwa na ramani?

#14 Mama wa Tokeni
Nawasalimu. Mimi nasimamia bomba la umma katika bonde moja la Kampala. Bei iliyotangazwa kwa bomba la umma ni shilingi 25 kwa jerikeni ya lita ishirini, na bomba letu ni la tokeni: unagusisha kidude, maji yanatoka, yanakata yenyewe. Mwenye tokeni analipa bei hiyo. Mita mia moja kutoka hapo kuna mwenye nyumba aliyefungia mita yake ndani ya lango, naye anauza jerikeni ile ile kwa shilingi 200 kwa wapangaji wake, na amewakataza kuja kwangu. Mama mmoja huja gizani na jerikeni mbili chini ya kanga.

Nyinyi mnatafuta maji yanapoishia kwenye pampu na kwenye kutu. Mimi nawaambia katika mtaa wangu yanaishia kwenye lango la mtu, na hakuna mtambo utakaolifungua lango hilo.

#15 Fundi Bomba Nansana
Mama, umesema kweli tupu. Nami niongeze kuhusu yanayopotea kabla ya mita. Takriban theluthi ya maji yanayosafishwa nchini hayalipiwi, na Kampala ni zaidi ya hapo. Sehemu ya hayo ni mivujo, na sehemu nyingine ni wizi. Nimewahi kuchimba na kukuta bomba la plastiki limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli kwenye bomba kuu, likipita chini ya sakafu ya duka la kuosha magari. Mhandisi atasema ni pampu. Mhandisi hajashika koleo tangu astaafu.

#16 Mhandisi Mstaafu
Koleo lipo bandani kwangu na nalima nalo, Fundi. Nakubali mivujo, lakini mvujo haujui saa. Ungekuwa mvujo au wizi peke yake, usiku bomba lisingepata nguvu ghafla. Linalobadilika kati ya mchana na usiku ni matumizi ya wengine, na namna tangi la kilimani linavyojazwa.

#17 Wakili wa Mailo
Ndugu zangu, mmepita juu ya jambo ambalo mimi huliona kila wiki mezani: ardhi. Sehemu kubwa ya Kampala na Wakiso ni ardhi ya mailo, ambapo mmiliki mwenye hati ni mmoja na mwenye kibanja anayeishi juu yake ni mwingine. Bomba kuu la majitaka lazima lifuate mteremko, haliwezi kuzunguka nyumba ya mtu kwa sababu amekataa. Kila mita inahitaji makubaliano na watu wawili kwa kipande kimoja, na fidia ikichelewa, kontrakta anasubiri. Mtambo hujengwa haraka kwa sababu uko kwenye uwanja mmoja wenye uzio. Bomba hupita mashamba mia nne. Ndiyo maana utaona Bugolobi imekamilika na inang'aa, na nyumba zilizo karibu nayo bado zinamwita Dereva wa Tangi.

#18 Dereva wa Tangi
Nathibitisha. Nina wateja watatu ambao wakifungua dirisha wanauona uzio wa mtambo. Kuunganishwa kunahitaji bomba, mashimo ya ukaguzi, na kuvunja sakafu ya choo, na gharama hiyo ni ya mwenye nyumba. Akipiga hesabu anaona kuniita mimi mara mbili kwa mwaka ni nafuu.

#19 Binti wa Jinja
Hapa kwetu tulirithi mabomba ya majitaka kutoka enzi za viwanda, na mabwawa ya Kirinya na Kimaka bado yanafanya kazi. Nilikulia kwenye nyumba za wafanyakazi ambako choo cha maji kilikuwa jambo la kawaida, na nilipohamia Kampala kusoma nilishangaa kwamba jiji kuu linategemea shimo. Nadhani tofauti ni kwamba Jinja mabomba yaliwekwa kwanza, watu wakaja baadaye. Kampala watu walitangulia. Si kosa la mradi wowote wa leo, ni mpangilio wa kilichotangulia.

#20 Dada wa Bwaise
Binti wa Jinja, watu wametangulia kweli, na hawataondoka. Mwaka 2015 homa ya matumbo ilipoenea Kampala, mwanangu wa pili alilazwa siku kumi na moja. Tulikuwa tunakunywa maji ya chemchemi iliyojengewa saruji vizuri, yenye bomba la chuma, na kwa macho yalikuwa safi kuliko ya bombani. Juu ya chemchemi, hatua thelathini kupanda, kulikuwa na safu ya vyoo. Tangu hapo nachemsha kila tone, na mkaa ninaotumia kuchemshia unanigharimu kuliko maji yenyewe.

Sasa tunasikia programu mpya ya eneo kubwa la Kampala, ya dola zaidi ya milioni 560, ikihusisha Kampala, Wakiso, Mukono na Mpigi pamoja na manispaa kama Kira, Nansana, Entebbe na Makindye-Ssabagabo. Barabara na mifereji imetajwa. Naomba anayefahamu aniambie kama mtu wa Kira akiweka lami na mifereji ya kuharakisha maji yake, maji hayo yatafika kwa nani.

#21 Wakili wa Mailo
Swali lako ni la msingi, dada. Sababu mojawapo ya kuziweka wilaya hizo ndani ya programu moja ni hiyo, kwamba bonde halifuati mpaka wa manispaa. Jiji lilijifunza kwa msiba pia: Kiteezi, ambako dampo lililoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 liliua zaidi ya watu thelathini, iko Wakiso, na taka zilikuwa za Kampala. Je, wahandisi wa halmashauri mbalimbali watakaa meza moja? Karatasi inasema watakaa.

#22 Mhandisi Mstaafu
Turudi kwa mwenye uzi, tusimwache na jerikeni zake. Ndugu wa Kyaliwajjala, kabla hatujabishana zaidi, tafadhali fanya hivi kwa siku saba. Andika saa maji yanapoanza na yanapokata. Pima kwa saa ya simu jerikeni ya lita ishirini inajaa kwa dakika ngapi. Muulize jirani wa chini ya mteremko aandike vivyo hivyo. Na uandike umeme ulipokatika.

#23 Mkaazi wa Kyaliwajjala
Nimerudi baada ya siku tisa, kwa sababu mbili za kwanza niliandika vibaya. Binti yangu wa darasa la sita ndiye aliyechora jedwali, na amekuwa mkali kuliko msimamizi wa mitihani.

Usiku sita kati ya saba maji yalianza baina ya saa sita na saa saba usiku, yakakata karibu saa kumi na moja alfajiri. Jerikeni ilijaa kwa dakika nne usiku mmoja, dakika saba usiku mwingine. Jirani wa chini anapata maji mchana kutwa isipokuwa jioni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, na jerikeni yake inajaa kwa dakika moja na nusu. Usiku wa Jumatano hatukupata kabisa, na jioni hiyo umeme ulikatika mtaani kwetu kwa saa tatu. Lakini Jumamosi saa sita mchana, bila mtu yeyote kutazamia, maji yalikuja kwa dakika arobaini, yenye nguvu kuliko siku zote, kisha yakakata kwa mara moja kama mtu amefunga koki.

#24 Fundi Bomba Nansana
Hapo pa Jumamosi ndipo penye jibu. Maji hayakati kwa mara moja yenyewe. Kuna valvu mahali fulani kati yako na jirani, na kuna mkono unaoigusa. Au imefungwa nusu tangu matengenezo ya siku nyingi na mtu aliijaribu.

#25 Mhandisi Mstaafu
Inawezekana, na bado Jumatano inaniambia pampu. Dakika nne na dakika saba zinaniambia tangi halijai kwa kiwango kimoja kila usiku. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwenye mtaa mmoja.

#26 Mama wa Tokeni
Je, kuna mtu anayeuza maji karibu nanyi?

#27 Mkaazi wa Kyaliwajjala
Wapo wawili, mama. Mmoja yuko juu yangu na ana maji kila siku, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hadi nilipolisoma swali lako sasa hivi. Kesho Jumapili mimi na jirani wa chini tutatembea kufuata bomba kutoka kwake hadi kwangu, tukitafuta vifuniko vya valvu kwenye nyasi. Binti ameshaandaa karatasi ya ramani. Fundi, valvu za inchi mbili mnazifunika kwa kifuniko cha aina gani, ili nijue ninachokitafuta?

#28 Fundi Bomba Nansana
Kidogo cha chuma cha mviringo, mara nyingi kimezama chini ya udongo kina cha kiganja. Nenda na jembe na fimbo ya chuma, gonga ardhi kila hatua mbili, na usikilize mlio.